Mtaalamu Hulipwa Hata Mvua Ikikosa

Kila Novemba mvua ikichelewa Ukambani, Nairobi hupata wataalamu wapya wa kilimo. Hawajasomea. Hawana shamba. Wana bando. Picha ya mahindi yaliyonyauka Kitui ikipita tu mtandaoni, wanaanza: hawa watu hawasikii, kila mwaka mahindi, kila mwaka njaa, si wapande mtama? Halafu kicheko, halafu ule utani wa zamani wa chakula cha msaada, halafu anaingia mtu mmoja mwenye digrii na kupiga muhuri: kisayansi, eneo lile si la mahindi. Mjadala umeisha. Watu wanarudi kwa mpira.

Mimi nataka tuufungue tena, manake huo muhuri wa mwisho unanikera kuliko utani wote. Utani ni utani. Lakini mtu aliyesomeshwa kwa kodi yetu aelewe udongo, mvua na mbegu, akifika mahali pa kusema jambo la maana anasema lile lile la watu wa matatu, tofauti ikiwa ni neno "kisayansi" tu. Na kibaya zaidi, amesema ukweli nusu. Ukweli nusu ni mgumu kuupinga.

Tuanze na swali ambalo huwa halina muulizaji. Kwa nini mahindi?

Tazama mtama ulivyoumbwa. Kichwa chake kiko wazi juu ya shina, kama chakula kilichoandaliwa mezani. Kwelea wakikuja hawaji wawili, wanakuja kama wingu, na wakitua kwa shamba la ekari mbili asubuhi moja inatosha. Kwa hivyo tangu punje zinapoanza kujaa mpaka siku ya kuvuna lazima mtu awe shambani, kuanzia alfajiri hadi jua litue, akipiga debe, akirusha mawe, akipaza sauti. Mtu huyo ni nani? Zamani alikuwa mtoto. Siku hizi mtoto yuko shule, na ni vizuri sana awe shule. Pengine angekuwa kijana, lakini kijana ni wewe, uko Pipeline ama Githurai unasoma hii. Aliyebaki ni susu wa miaka sabini na goti linalouma. Hindi nalo limejivika maganda yake lenyewe. Halihitaji mlinzi wa ndege.

Kisha kuna Januari. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua ya Oktoba yanaweza kuchumwa mabichi Januari, wakati akiba imekwisha, Krismasi imekula iliyobaki na shule zinafunguliwa. Unachoma, unachemsha, watoto wanalala wameshiba. Mtama unakungoja ukauke, upurwe, upepetwe, utwangwe, na kila kitenzi hapo kina mgongo wa mwanamke ndani yake. Mahindi yana mashine ya posho kila soko. Yana muthokoi, yana isyo. Na yana kitu kingine ambacho mtaalamu huwa hakiweki kwenye hesabu yake: ni pesa. Gorogoro ya mahindi unaipeleka dukani ukarudi na sukari na sabuni. Peleka ya mtama uone vile mwenye duka atakuangalia.

Sasa mtu akijua haya yote, halafu akaamua kupanda mahindi kidogo, kunde hapa, ndengu pale, na mbaazi katikati zikae shambani karibu mwaka mzima, huyo si mjinga. Huyo amepiga hesabu yenye vipengele vingi kuliko ile ya mwenye digrii, ambayo ina kipengele kimoja: milimita za mvua.

Nitaambiwa, sawa, lakini wakipata soko la mtama si watabadilika? Walibadilika! Hii hadithi inafaa kufundishwa shule. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya EABL ilileta Senator Keg, bia ya bei ya chini ambayo serikali iliipa nafuu ya ushuru ili watu waachane na chang'aa. Baadaye ikaanza kutengenezwa kwa mtama, hasa aina ya Gadam, mtama mweupe mfupi unaokomaa haraka. Wataalamu wa kila rangi, wa serikali na wa mashirika, wakapita Ukambani na Tharaka wakihubiri: soko lipo, mnunuzi yupo, acheni mahindi. Na watu wakasikia, hao hao wasiosikia. Wakanunua mbegu. Wakakaa na ndege. Wakavuna.

Mwaka 2013 Hazina ya Kitaifa ikaiwekea bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Mauzo ya kegi yakaporomoka, na mahitaji ya mtama yakaporomoka nayo. Ushuru ulikuja kupunguzwa tena baadaye, sawa, lakini gunia halisubiri bunge. Hesabu ni nani alilipia. Afisa wa Hazina alipata mshahara wake mwisho wa mwezi. Mtaalamu aliyehubiri soko alipata wake. Shirika liliandika ripoti. Aliyebaki na magunia ya nafaka ambayo jirani hanunui na mwenye duka hataki ni mtu mmoja tu, na msimu uliofuata akipanda mahindi, anaitwa mkaidi.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya mbaazi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwake, na wakulima wa Afrika Mashariki waliokuwa wameambiwa India haitosheki wakaona bei ikianguka. Tena hakuna mtaalamu aliyekosa chakula cha jioni.

Hapo ndipo lilipo shauri langu lote, na nitalisema bila kuzunguka. Ushauri wa kilimo katika nchi kavu ni kamari ambayo anayechagua namba siye anayeweka pesa. Kule Trans Nzoia ukishauri vibaya, mkulima hupunguza mavuno. Kibwezi ama Tseikuru ukishauri vibaya, mtoto anatoka shule, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa. Mtu anayetoa maneno yenye uzito huo bila kupoteza chochote yakienda mrama, huyo hatujamwajiri kuwa mshauri. Tumemwajiri kuwa mtabiri.

Na hii tabia ina historia. Ukishuka mjini ukapita City Market, uko Muindi Mbingu Street. Wengi tunapita hapo tukitafuta samaki na hatujiulizi jina ni la nani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikiwa na ripoti za wataalamu wake zilizosema Ukambani ina ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, ilianza kuchukua mifugo ya watu kwa nguvu na kuipiga mnada. Kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa ndio kimejengwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Sadfa gani hiyo. Wakamba kwa wingi wao wakaelekea Nairobi, Muindi Mbingu akiwa kiongozi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Mwishowe serikali ikarudi nyuma kuhusu ng'ombe. Muindi akapelekwa uhamishoni Lamu.

Kinachonivutia si ushujaa wake, ingawa barabara anastahili. Kinachonivutia ni kwamba wale wataalamu hawakuwa wamekosea kuhusu udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Picha za Machakos ya miaka ya 1930 zinaonyesha vilima vilivyochunwa ngozi. Walichokosea ni kudhani kwamba ukijua ugonjwa umeshapewa mwili wa mgonjwa. Wakaja na polisi. Wakaja na kazi za lazima za kuchimba matuta. Na watu wakayachukia matuta yenyewe, kwa sababu yalikuja na kiboko.

Halafu angalia kilichotokea watu walipoachiwa nafasi ya kuchagua. Matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, yalienea kilima baada ya kilima, yakichimbwa na vikundi vya mwethya, wengi wao kina mama, wakiimba. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos, More People, Less Erosion, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi karibu 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano na bado ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko ile iliyowatisha wakoloni. Leo wahandisi wa udongo nchi za mbali husema "fanya juu" kwa Kiswahili hicho hicho. Haikuwa kwamba wataalamu hawakusaidia. Walisaidia, pale walipotoa mbinu kisha wakakubali watu waichague, waibadilishe, ama waitupe.

Kiboko lakini hakikufa, kilibadilisha sare tu. Sheria ya mbegu ilivyorekebishwa 2012 ilifanya kuuza ama kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kuwa kosa linaloweza kukupeleka jela miaka 2 ama faini ya hadi shilingi milioni moja. Susu akimpa jirani kibuyu cha mbegu za kunde kwa kubadilishana na za mbaazi, kama wamama walivyofanya miaka yote, ameingia upande wa wahalifu. Wakulima 15 walienda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Miaka kumi na tatu sheria ilikuwa pale, na sikumbuki maandamano ya wenye digrii za kilimo wakisema hii imezidi.

Msifikiri nachukia sayansi ya kilimo. Kinyume kabisa. Nalalamika kwa sababu sayansi iliyo bora ya nchi kavu ilifanywa hapa hapa, na iko kwenye makabati.

Ukitoka Machakos ukielekea Wote utapita Katumani, kituo cha utafiti ambacho sasa kiko chini ya KALRO. Miaka ya 1960 hapo ndipo yalipotoka mahindi ya Katumani. Watu husema yanastahimili ukame; si hivyo hasa. Yanaukimbia. Yanatoa maua na kukomaa upesi kabla maji hayajakwisha ardhini. Yaani kuna mtu alikaa chini akakubali kwamba watu hawa watakula mahindi, akaacha kuwasomea mahubiri, akatafuta hindi linaloweza kukimbia. Huo ndio ushauri ninaouheshimu.

Hapo hapo Katumani, miaka ya 1980, mtafiti aitwaye Ian Stewart alitazama rekodi za mvua akaona jambo. Mvua ikianza mapema, msimu huelekea kuwa mzuri. Ikichelewa, msimu huelekea kuwa mfupi na mkavu. Kwa hivyo, akasema, usiamue kila kitu siku ya kwanza. Angalia tarehe ambayo mvua imeanza. Kama ni mapema, panda ukiwa na matumaini, miche mingi na mbolea kidogo. Mimea ikifikisha kama mwezi mmoja, simama shambani uhesabu mvua iliyokwisha kunyesha. Imekuwa nzuri? Ongeza mbolea ya juu. Imekuwa mbaya? Ng'oa nusu ya mimea, ili inayobaki igawane maji yaliyopo.

Hebu fikiria kidogo. Kung'oa nusu ya mahindi yako yakiwa ya kijani, yakiwa hai, kwa mkono wako, eti kwa sababu rekodi zinasema hivyo. Hakuna ujumbe wa simu utakaomfanya mtu afanye hivyo. Hakuna kijitabu. Linahitajika jambo moja tu, mtu anayeaminika, amesimama nawe kwenye mstari ule siku ile ya thelathini, aliyekuwepo mwaka jana na atakayekuwepo mwaka ujao, aseme: mama, tuanze na huu mstari, kama nimekosea nitakuwa hapa tukivuna.

Na mara nyingine sayansi hufika ikute watu wameshafika. Wazee wetu hupanda kavu, mbegu inaingia ardhini vumbi likipaa, mvua haijanyesha hata tone. Nimesikia watu waliovaa viatu visafi wakiita hiyo bahati nasibu. Lakini H. F. Birch, akifanya kazi Muguga hapo karibu na Nairobi miaka ya 1950, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukilowa mara ya kwanza huachilia nitrojeni kwa kishindo. Mbegu iliyo tayari ardhini ndiyo inayoipata. Anayengoja mvua ndipo atafute plau, anakuta karamu imeshaliwa na magugu.

Kuna hili la kalenda pia. Kwa Nairobi, msimu wa upanzi ni Machi. Habari za mbolea ya ruzuku, mawaziri kwenye maghala ya NCPB, malori, hotuba, zote hupamba moto karibu na masika, kwa sababu masika ndio msimu wa Bonde la Ufa, na Bonde la Ufa ndio lishe ya nchi na siasa yake. Ukambani ya chini hutegemea vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa masika ya kule ni kigeugeu. Bahati nzuri vuli hutabirika kuliko masika, manake hufuata joto la bahari, El Niño na ile tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi. Yaani msimu ambao mshauri angeweza kusema jambo la maana mapema ndio msimu ambao nchi haimsikilizi. Na akisema, anaweza kukanushwa na mkubwa. Mwaka 2023 Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilikuwa imeonya kuhusu El Niño. Oktoba Rais akatangaza kwamba haitakuja vile ilivyohofiwa. Novemba mafuriko yakaua watu. Jiweke kwenye nafasi ya afisa wa wadi aliyekuwa ameambia watu wafungue mitaro.

Naam, afisa wa wadi. Yuko wapi?

Wazee humkumbuka "mtu wa agrikacha," aliyepita kwa baiskeli halafu kwa pikipiki. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilileta hapa mfumo wa mafunzo na ziara: afisa anafunzwa kila baada ya muda fulani, kisha anamtembelea mkulima aliyechaguliwa, naye mkulima huyo awaambie wengine. Ujumbe ulishuka kutoka juu kama maji ya bomba. Mwisho wa miaka ya 1990 tathmini ya Benki yenyewe ilikiri kwamba pesa nyingi zilikuwa zimeenda na faida haikuonekana. Wakati huo huo serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wale wale, ilikuwa imeacha kuajiri. Waliostaafu hawakuzibwa nafasi. Mwaka 2013 kilimo kikagatuliwa, kaunti zikarithi maafisa wenye mvi na pikipiki zisizo na magurudumu. Kipimo kinachopendekezwa ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Sisi tuna mmoja kwa zaidi ya elfu moja, na hiyo ni wastani. Ukienda wadi kubwa za nchi kavu, ambapo nyumba na nyumba ni kilomita, wastani hauna maana.

Nina rafiki tuliyesoma naye shule moja, ni afisa wa kilimo katika wadi ambayo sitaitaja, kwa sababu bado anahitaji kazi. Ana digrii nzuri. Anajua hadithi ya Stewart kuniliko. Anasema pikipiki hupata mafuta wageni wakija. Wageni ni mradi, na mradi una fulana, una orodha ya kutia sahihi, una miaka mitatu. Miezi sita ya mwisho ni ya kuandika ripoti. Kila mradi una zao lake: huyu alikuja na mtama, yule na muhogo, mwingine na matunda, mwingine sijui kuku. "Mimi ndiye sauti ya kila mmoja wao," aliniambia. "Watu wakiniona na fulana mpya wananiuliza, leo tumeacha nini?"

Pengo alilokosa kulijaza limejazwa na agroveti. Sina ugomvi na mwenye agroveti, ni mfanyabiashara, yuko wazi hadi saa moja jioni, anasikiliza. Mkulima anakuja na jani limefungwa kwenye gazeti. Ushauri ni bure, chupa ndiyo inauzwa. Ni lini umesikia mwenye duka akisema, mama, hii haihitaji dawa, rudi nyumbani? Viwavijeshi vamizi vilipoingia 2017, wengi walinunua chochote kilichokuwa kwenye rafu. Na pale ambapo serikali ndiyo mwenye duka, Machi 2024 tulijua kupitia waandishi wapekuzi wa Africa Uncensored kwamba bidhaa isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku, kupitia maghala ya umma. Waziri aliponea kwenye kamati ya bunge. Sasa mwambie susu atumie mbolea.

Halafu kuna programu za simu. Kila mwaka vijana wa rika letu, pale Kilimani, wanashinda tuzo kwa programu itakayomletea mkulima mdogo "taarifa kiganjani." Zingine ni nzuri, nisiwe mchoyo. Utabiri wa mvua kwa Kikamba kupitia simu ya mulika mwizi ni kitu cha maana. Lakini simu haioni ndege. Simu haiji kuvuna. Na haijawahi kuaibika sokoni.

Kama unafikiri nazidisha chumvi kuhusu uzito wa haya maneno, kumbuka 2004. Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu walikula mahindi yao wenyewe wakaanza kugeuka manjano macho. Sumukuvu, ile aflatoksini. Visa 317 vilihesabiwa; watu 125 walikufa. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa bado na unyevu, mengine ndani ya nyumba za kulala, manake msimu wa uhaba watu waliogopa wizi. Hakuna fumbo la kisayansi hapo. Nafaka ikaushwe ifike unyevu wa takriban asilimia 13.5, iwekwe juu ya mbao isiguse sakafu, isikae gizani penye joto. Ni ushauri wa dakika kumi. Lakini mtu anayeogopa kuibiwa ukimwambia aanike mahindi nje, unatakiwa uwe unajua kwamba anaogopa, na uwe na jibu la ile hofu, si la unyevu peke yake. Leo Katumani kuna kiwanda cha KALRO kinachotengeneza Aflasafe KE01, kuvu asiye na sumu anayerushwa shambani kumfukuza mwenye sumu. Ulizia kijijini kwenu ni wangapi wamewahi kuuona mfuko wake.

Sasa nijibu pingamizi moja ambalo ni la haki. Mtu atasema: unatetea mahindi, na kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua. Mahindi hayakutoa kitu. Hali ya hewa inabadilika. Susu hajawahi kuiona hii. Kweli. Uzoefu wa miaka hamsini unafaa kwa mvua ya miaka hamsini iliyopita, na kuna mahali, hasa zile sehemu za chini kabisa, mahindi yanapaswa kupungua na mtama na mawele kuongezeka. Kule Mwingi na Tharaka, kwa taarifa yenu, watu hawajawahi kuacha mawele. Hawakungoja mjadala wenu wa mtandaoni.

Lakini ona pingamizi hilo linataka nini. Kadiri mvua inavyozidi kuwa ya kubahatisha, ndivyo mkulima anavyohitaji zaidi mtu wa kubahatisha naye, na ndivyo tunavyompa kidogo zaidi. Ukitaka susu aongeze mtama, usimwambie mtama ni bora. Mwambie nani atafukuza ndege. Mwambie nani ataununua, kwa bei gani iliyoandikwa wapi, na Hazina ikibadilisha mawazo nani atalipa. Lete mashine ya kupura kwanza, hotuba baadaye. Kama huna majibu, sema huna, kaa chini, uliza yeye anafikiri nini. Afisa akishauri zao jipya, kaunti iliyomtuma inunue angalau msimu wa kwanza kwa bei iliyoahidi, ama imlipe mkulima mbegu na vibarua vyake. Ikiona hiyo ni ghali mno, basi imejua kwa mara ya kwanza gharama ya ushauri wake.

Na afisa mwenyewe akae. Misimu sita wadi moja, isiwe miwili kisha uhamisho. Kila baada ya mavuno asimame kwenye baraza asome alichoshauri Oktoba na kilichotokea Februari, mazuri na mabaya, mbele ya watu wanaomjua jina. Madaktari huandika faili ya mgonjwa. Kilimo chetu hakina faili. Kila mtaalamu huja kama ndiye wa kwanza kufika.

Krismasi unasafiri, najua, ukipata tiketi ya Machakos Country Bus ama ukibanana kwa matatu ya Wote. Ukifika, kabla ya kumwambia susu kuhusu mtama, muulize afisa wa kilimo wa wadi yake anaitwa nani, na mara ya mwisho alifika lini. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya makadirio ya bajeti kuwasilishwa kwenye bunge la kaunti, na mikutano ya maoni hutangazwa, mara nyingi gazetini ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Nenda, ama mtume kakako. Tafuteni mstari wa mafuta ya pikipiki za maafisa wa ugani, kisha linganisheni na mstari wa safari za waheshimiwa.